Kibati cha Roli la Waya

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi, huku anafunga kamba za viatu, mume wangu kasema anahamia kwa dada yake. Hivyo tu! Miaka kumi na moja, halafu kamba za viatu. Eti hana ugomvi na mimi, amechoka tu.

Tukaenda kiwandani pamoja. Yeye yuko mashine ya kuvuta waya, mimi niko kwenye matangi — tindikali ya kutoa magamba ya kutu, maji ya kusuuza, chokaa ili sabuni ya mashine ishike. Nikatumbukiza roli moja kwenye tindikali, nikaenda stoo kulia. Dakika ishirini zikawa saa moja na nusu. Waya ukizidishiwa tindikali hung'aa vizuri, lakini hukatika kama tambi mbichi. Roli la namna hiyo huwekwa kando.

Kwenye kibati chake, kile kipande cha bati kinachofungwa kwenye roli, nimeandika ukweli: kuingia 2:10, kutoka 3:40. Mume wangu akikisoma atalikataa. Na aulizwe yeye kwa nini mkewe analia!

Jumanne, 5 Machi

Waya umekatika mashineni. Umemchapa jicho la kushoto.

Alhamisi, 7 Machi

Jicho limekwenda. Daktari kasema kwa upole, ndipo nikajua.

Msimamizi anasema kosa ni la mvutaji, yeye ndiye husoma kibati kabla ya kufunga roli. Na kibati chenyewe hakionekani. Jumatatu atamfukuza. Nami nimekaa kimya, mwoga mkubwa!

Nimemwuliza mgonjwa, hukukisoma? Kasema, "Sikumbuki, mama. Umekula?" Nikamkasirikia, Mungu anisamehe. Kusoma tarakimu sita kulimshinda nini?

Jumamosi, 9 Machi

Hospitali wamenipa nguo zake za kazi nikafue. Suruali imejaa chokaa. Mfuko wa nyuma, kitu kigumu — kibati! 2:10. 3:40. Mwandiko wangu.

Alikisoma. Akakificha, akalivuta roli, nisije nikaulizwa. Mtu aliyenichoka!

Nimelia mpaka maji ya beseni yamepoa. Ninampenda, na jicho lake nimelitoa mimi.

Sasa hivi wifi kapiga simu. Kaka yake anauliza suruali, eti isifuliwe, arudishiwe ilivyo. Nimemwambia bado naitafuta.

Kibati kiko juu ya ukurasa huu. Msimamizi yuko ofisini hadi saa saba. Nimeshavaa viatu — kamba ndizo bado sijazifunga.