Masaa Matano Angani

Baba Chepkemoi,

Ukitoka shifti, githeri iko kwenye sufuria, pasha tu. Kuku hawajala. Mimi nimeenda Nairobi, uwanja wa ndege.

Asubuhi tulisimama mlangoni kumwombea Chepkemoi safari ya Doha, vile tunafanya mtu wa nyumba hii akisafiri. Nikaweka mkono kwenye begi lake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini moyo ukanishinda, nikasema, "Bwana, kama safari hii si mapenzi yako, ifunge njia." Akafungua macho. "Mum, hata kwa maombi unanipinga?" Akabeba begi akaenda, hata chai hakunywa. Sasa simu yake imezimwa.

Ule uzi ulio mezani usiutupe. Ndio tuliopimia ramani kwenye darasa langu la jioni. Nairobi hadi Doha ni zaidi ya kilomita elfu tatu, na mwalimu anasema ndege huchukua kama masaa matano. Siwezi kumwacha akae juu huko masaa hayo yote na maombi kama yale.

~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi saa ngapi. Akikupigia, mwambie anisubiri nje, asiingie kwanza.

Jana ulinicheka, ukauliza nikimwombea mpaka atue, masaa matano nitakuwa nikisema nini. Nisipomkuta, nitakaa hapo nje niombe mpaka afike. Kufuta yale ya asubuhi peke yake kutachukua saa nzima.

Mama Chepkemoi