Bomba la Kahawa Mgahawani

Jumatatu, 13 Januari 2025
Bwana afya kapita asubuhi. Kapitisha kidole kwenye meza ya dirishani, kidole kikatoka na mafuta. Meza zote zioshwe kwa sabuni, kisha klorini, la sivyo anafunga mgahawa. Sawa, ni kazi yake. Lakini mama mkwe kasubiri ageuke, akanigeukia mimi: kuhara kunatoka ziwani kwenu, Eliza. Mbele ya wateja! Nimezaliwa Liuli, kando ya ziwa, nimeolewa Mbinga, na kwa huyu mama bado nanuka usipa, dagaa wa huko. Usipa huohuo unaomjazia mabenchi!

Nilitakiwa niwe kitandani nanywa uji wa mzazi. Niko kwenye masufuria. Mwanangu Hamphrey kalala chumba cha nyuma, mlango hakuna, ni pazia tu. Kitovu ndiyo kwanza kimedondoka. Akilala anapumua mbiombio, kisha kimya — mpaka natamani kumtikisa. Halafu anaendelea.

Jumatano, 15 Januari
Siamini. Mama mkwe kaleta bomba la kahawa kutoka shamba la Mpepai! Lile la kubeba mgongoni, ambalo Mansuetus, mume wangu, alipulizia dawa ya wadudu juzijuzi tu. Kajaza maji na klorini kwa kukadiria, akalivaa, akapita anapulizia meza, mabenchi, kabati la vyombo, utadhani yuko kwenye mibuni. Kitambaa kinachelewesha, anasema. Na meza hazijaoshwa! Magamba ya samaki yamelowa klorini, basi, ndiyo usafi.

Nikauliza, limeoshwa? Kwa sabuni ya unga, tena vizuri, kajibu. Nimelinusa. Harufu ya shambani ipo palepale. Na ule ukungu wote unapita kwenye pazia. Mteja mmoja kabeba sahani yake akaenda kulia nje. Yeye ana miguu. Mwanangu je?

Alhamisi, 16 Januari
Hamphrey kakohoa usingizini. Na kule kunyamaza kwake naona kunarefuka. Au ni mimi? Mansuetus anasema ni mimi. Mama anajua, anasema, kalea watoto sita. Nikamjibu: kalea sita kwenye moshi wa kuni, siyo kwenye dawa ya kahawa! Kachukua redio, katoka.

Ijumaa, 17 Januari
Zahanati. Mama mkwe kang'ang'ania kunisindikiza. Nesi kamvua mtoto nguo, kamtazama kifua na mbavu kwa muda mrefu. Kaeleza vizuri, sina ugomvi naye. Wachanga ndivyo wanavyopumua: haraka haraka, wanatulia kidogo, wanaendelea. Lakini midomo ikigeuka bluu, mbavu zikibonyea, akikaa muda bila kuvuta pumzi au akikataa kunyonya, mlete hapohapo. Kisha akauliza: anapolala kuna moshi? Kuna harufu kali?

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi: hakuna, nesi, kwetu pasafi, hata bwana afya anatujua. Nikabaki mdomo wazi kama samaki mbasa aliyetupwa mchangani. Nina hasira hadi sasa, na nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Tumerudi, kila mteja anaambiwa: nesi kasema ni kawaida. Kawaida! Kasema kupumua kwake ni kawaida. Habari za bomba hakuulizwa!

Jumamosi, 18 Januari
Nimeamka kabla yake nikaosha meza zote. Sabuni, maji, kisha klorini ndani ya ndoo kwa kipimo cha kwenye chupa, kitambaa safi, madirisha wazi. Zimekauka zinang'aa. Hakuna aliyekohoa. Mama mkwe katazama, kaguna. Vizuri, mwanangu, sasa tumalizie na bomba. Tumalizie!!

Nimemwambia Mansuetus alirudishe Mpepai leo. Mvua, anasema. Kesho. Mbele ya mama yake huyu mwanaume ni mchanga kuliko Hamphrey.

Jumapili, 19 Januari
Watu wametoka misani, mabenchi yamejaa. Kila mtu kamsikia mama mkwe akiuliza bomba liko wapi. Liko huku chumbani. Nimelikalia, Hamphrey mapajani.

Mansuetus kaja kwanza: mke wangu, usiniaibishe. Nikajibu kwa sauti ya kufika barabarani: hili limebeba sumu ya kahawa, na nyie mnakula juu yake!  Huko mbele benchi likaburuzwa. Mtu akamuuliza mama mkwe, mama Bonifasia, ni kweli?

Ndipo mama mkwe akafunua pazia kwa hasira. Toa bomba, mama Hamphrey, unani— Hakumaliza. Hamphrey alikuwa amenyamaza. Mama mkwe akainama, akaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto. Tukangoja wote wawili, mimi na yeye, hakuna aliyevuta pumzi.

Mtoto akashtuka, akapumua. Mbiombio tena.

Mama mkwe kakaa kitandani. Hajasema ni kawaida. Huko nje wanagonga meza, wanataka chakula, Mansuetus anaita mama, mama. Haitiki. Anamtazama mtoto kifua. Mimi sijainuka.