Kipande Cheusi cha Katikati

Ndugu yangu, nimepigwa. Na ndevu zangu hizi, baba kanichapa kama mtoto wa darasa la pili.

Unaikumbuka kalamu ya kumpongeza baba kustaafu ualimu? Ile niliyounga vipande kumi na tisa vya mbao kwa gundi, fundi akanikerezea? Kipande cheusi cha katikati nilikikata kwenye ncha ya fimbo yake ya darasani. Nilijua atacheka.

Hakucheka. Akauliza polepole, "Hiki cheusi umekitoa wapi?"

Nami kwa kiherehere changu, "Fimbo nayo imestaafu kama wewe, mwalimu."

Kaingia chumbani, karudi na fimbo iliyobaki. Imepungua inchi mbili, lakini inafika. Mgongo, kiwiko, sikio. Shangazi alijaribu kumshika, akala moja ya bega.

Kila neno na pigo lake: "Ndicho kitu. Pekee. Alichoniachia. Baba yangu."

Sikujua. Wallahi sikujua.

Fimbo ikakatika mgongoni mwangu. Mama akamwambia, "Haya, umeimaliza mwenyewe."

Sasa niko bafuni nanawa damu. Ila muda wote ananichapa, kalamu alikuwa kaikumbatia kwa mkono wa kushoto. Mpaka sasa hajaiachia.