Papa Alipolima kwa Bamukwe

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu nyingi kutoka Karuba. Sisi wote wazima, na yule ng'ombe mukaidi amezaa mapacha!

Umeniuliza kama papa yangu alijua kupumzika. Nimecheka sana.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeolewa karibuni, mbali, Walikale, ndani ya pori. Papa akaja kwa miguu kunitembelea. Bamukwe, wazazi wa bwana yangu, wakamupa kiti kizuri na kumuchinjia kuku. Asubuhi yake nikamukuta shambani kwetu, analima, jasho linamutoka.

Nilitamani udongo unimeze. Mukwe akija kutembea, hashiki jembe! Watu wangesema nimeolewa kwa wavivu.

"Papa, unanipatisha haya!"

"Haya ya nini? Udongo iko mulaini hivi! Kwetu iko mawe tu."

Mara baba ya bwana yangu akatokea. Yeye alikuwa muwindaji, nami nilimuogopa sana; jembe hakulipenda hata kidogo. Akamutazama papa, akarudi nyumbani. Nikawaza: papa amewapatisha haya, sasa wataniambia nifunge mizigo.

Muzee akatoka nyumbani na jembe. "Mukwe, unalima ao unacheza? Sogea, nionyeshe."

Mpaka saa sita wazee hao wawili walilima pamoja wakitaniana, kijiji kizima kinawacheka.

Papa alipoondoka, mukwe wangu alimusindikiza mpaka ng'ambo ya mto. Aliporudi akaniambia, "Binti yangu, usiniogope tena. Sasa namujua aliyekuzaa."

Ukipata congé, zile siku za kupumzika, kuja tukuone.

Koko wako