Mikaratusi Yako Pale Chemchemini

Nyakakika, Karagwe
Mwezi wa Tisa

Mpendwa kaka Muhangi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kahama, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na bado anagombana na kuku wa jirani. Ng'ombe nao wazima, ila Bihogo wako amekuwa mkaidi kama mwenyewe.

Kaka, kiangazi hiki chemchemi yetu ilikauka ikabaki tope. Wafugaji tulifika alfajiri na ng'ombe, wakulima wakafika na madumu, tukawa tunatazamana kwa macho mabaya. Mama Liliane alichapwa fimbo akigombea dumu moja la maji, na aliyemchapa ni mtu wa ukoo wetu, tunasali naye kanisa moja. Niliona aibu sana. Ndipo halmashauri ya kijiji ikaitisha mkutano.

Mimi kama mjumbe nilidhani tutaongea weee, kisha tusubiri mradi kutoka wilayani. Lakini mwenyekiti wetu, Mutabazi, alisema mvua haziji tena kama tulivyozizoea, na kwamba tuanze na kilicho mikononi mwetu. Tukakubaliana ng'ombe watoke bondeni, na wakulima watupe migomba waliyokwisha kuvuna tuwalishie ng'ombe. Mzee Hategekimana, ambaye hajawahi kumpa mfugaji hata jani, ndiye aliyeleta ya kwanza, kwa baiskeli. Ikaamuliwa pia kwamba mikaratusi inayozunguka chemchemi ikatwe, maana inakunywa maji kutuzidi sisi na ng'ombe wote.

Mikaratusi yenyewe ni yako, uliyoipanda upate mbao za kuezekea nyumba yako ya ndoa. Mutabazi akasema mti wa mtu haukatwi bila ruhusa yake, nikapewa kazi ya kukuuliza. Baada ya hapo wafugaji na wakulima walishika mashoka pamoja, miti ikalala yote.

Tukasubiri. Jua likawaka, wengine wakaanza kunicheka kwamba miti yako imekatwa bure. Asubuhi moja, mvua haijanyesha hata tone, niliteremka na mama tukakuta udongo kati ya visiki unang'aa. Nikachimba kwa mkono. Maji yakapanda polepole, baridi, maangavu, yakanijaa kiganjani. Nilijikuta nimepiga magoti. Kaka, maji yalikuwa pale pale chini ya miguu yetu! Hadi leo nikiyatazama mwili unanisisimka. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale, na Hategekimana akavua kofia.

"Mwambieni Muhangi ametunywesha," alisema. "Watoto wangu watalijua jina lake."

Tangu siku hiyo unaombewa kanisani kila Jumapili, kwa jina. Mimi nainamisha kichwa, kwa sababu hawajui ninalolijua. Sikukupigia simu, kaka. Niliwaambia umekubali. Niliogopa utakataa, na ungekuwa na haki ya kukataa. Nyumba yako nimeikata mimi.

Ukitaka, nitasimama mbele ya mkutano niseme kweli. Ila nakuomba, siku utakayokuja na hasira zako, pitia kwanza chemchemini unywe. Ndipo upande nyumbani unihukumu.

Mama anakusalimu sana, anajivunia ukarimu wako. Bado sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Joviness