Anayeanza Hushinda

Mjomba,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote: mchezo wako wa vita vya sayari una kasoro. Nimeuhamisha wote kutoka kwenye ubao hadi kwenye kompyuta, nikaiacha icheze yenyewe mara mia mbili, zamu kwa zamu. Kila mara aliyeanza alishinda. Nikakumbuka ulivyozoea kuniambia, "Anza wewe, profesa, usije ukalia." Kumbe ulijua?

Uliniapisha nisiguse kanuni yako hata moja. Lakini leo mwalimu alikuwa anakusanya kazi za mashindano ya shule ya kubuni michezo ya kompyuta, akanisimamia kichwani. "Unaleta au huleti?"

Nilimpunguzia anayeanza hatua moja, nikaandika jina lako juu ya langu, nikamkabidhi mwalimu. Kisha nikaketi kukuandikia, usije ukasikia kwa mwingine.

Mpwa wako, mwoga kama kawaida