Bamia Angani

Achol mdogo wangu, hamjambo huko Nakuru?

Bado nausikia mlio wa ile chaki. Hapa Juba, kwenye kongamano la waandishi wa hadithi za kisayansi, mada za mijadala huandikwa ubaoni, na kila mwandishi huweka jina lake chini ya anayoitaka. Nilichagua "Kilimo Angani", kwa kuwa riwaya yangu inahusu wanawake wanaolima bamia ndani ya chombo cha anga. Niliporudi kutoka kula mkate wa kisra na samaki, mwenyekiti, mama mmoja wa Kampala, alikuwa akiliandika jina langu chini ya "Vita na Ukimbizi".

"Dada, wewe ulikulia kambi. Watu inataka kulia kidogo."

"Mama, kitabuni mwangu hakuna kambi. Kuna bamia."

"Bamia haiwezi liza mtu."

Kadi inajaa, kwa hiyo mkumbatie mama kwa niaba yangu, na umwambie joto la huku halijanishinda. Jina nililifuta kwa kiganja, nikaliandika nilikolitaka, na leo asubuhi nimezungumza saa nzima kuhusu mizizi isiyojua chini ni wapi. Hakuna aliyelia.

Dada yako